Itoe plastiki shambani ikiwa bado nzima

Polithini haiozi. Ikikaa juani hukauka na kupoteza uimara, kisha jembe likipita, kipande kimoja huwa kumi, na kila kimoja huendelea kumeguka. Vikishafika chini ya milimita 5 huitwa mikroplastiki, na hakuna reki itakayovikusanya tena. Kazi yote, basi, iko kabla ya hapo.

Anzia kitaluni. Wengi wakihamisha mche huchana kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, upande mmoja kwa wembe, wakautumbukiza shimoni na kiriba chake, wakafukia. Eti mizizi itajitafutia njia. Mzizi ukigonga plastiki huifuata kwa kuzunguka, na mti wa matunda wenye mizizi iliyojiviringisha unaweza kudumaa, au kung'olewa na upepo ukiwa tayari unazaa. Umwagilie mche mapema ili udongo ushikamane, chana kiriba toka juu hadi chini, kivue chote, ukate mizizi iliyojisokota kitakoni. Mwisho wa kazi hesabu: ukipanda miche mia, uwe na viriba mia mkononi.

Matandazo ya plastiki yanahitaji uangalifu zaidi. Yanatunza unyevu na kuzuia magugu, hilo halina ubishi, ila ile nyembamba ya bei rahisi huchanika vipande vipande wakati wa kuiondoa. China, inayoongoza duniani kwa kuyatumia, mwaka 2017 ilipandisha unene wa chini unaoruhusiwa kutoka milimita 0.008 hadi 0.010 ili yaweze kukusanywa. Iondoe mara tu baada ya mavuno, udongo ukiwa na unyevu kidogo: kata mashina, legeza kingo kwa uma, halafu viringisha taratibu kutoka ncha moja. Usilime kwanza.

Ukiambiwa plastiki fulani "inavunjika yenyewe", uliza inavunjika kuwa nini. Zile zenye kiongezi cha kuharakisha kumeguka zilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya mwaka 2019, maana zinageuka chembechembe tu. Zinazooza kweli ni nyingine: kipimo cha Ulaya cha EN 17033 kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 24 udongoni. Mimi, penye nyasi kavu au mabua ya kutosha, ningetandaza hayo. Mchwa watakusumbua, lakini udongo utashiba.

Kuhusu mmea wenyewe, mwaka 2020 watafiti walionyesha kwa ngano na saladi kwamba chembe ndogo mno za plastiki huingia kupitia nyufa zinazobaki pale mizizi ya pembeni inapochomoza, kisha hupanda na maji kwenda juu. Zile kubwa hazipenyi, ila zinaharibu mshikamano wa udongo na kumezwa na minyoo.

Mboji inayotokana na taka za sokoni au majumbani ichambuliwe kabla ya kuozeshwa. Baada ya kugeuzwa mara mbili tatu, mfuko laini huwa umeshakatikakatika. Kamba za kufungia nyanya ziwe za nyuzi za mimea, zioze pamoja na mabua. Magunia ya plastiki yaliyoanza kuchakaa na mipira ya umwagiliaji ihifadhiwe kivulini, na usichome chochote kati ya hivi: moshi wake ni sumu, na kinachobaki huyeyuka na kugandamana na udongo.