Cambridge: ingieni King's jioni
Mkienda Cambridge na marafiki kwa siku moja, kanisa la King's College msiliingie mchana kwa tiketi. Subirini ibada ya jioni: haina kiingilio, maana ni ibada, si utalii. Mtakaa chini ya lile dari la mawe lililokamilika mwaka 1515, mbavu zake zimetanuka kama pepeo, huku kwaya ikiimba. Fikeni mapema, la sivyo mtatawanyishwa viti. Muhula ukifungwa, kwaya nayo hupumzika, kwa hiyo angalieni kwanza ratiba ya chuo. Na yule asiyeweza kukaa kimya bila kupiga picha (kila kundi linaye), mwacheni mtoni akapande mashua.