Tangi la maji la trela ya kambi: ulijaze Mombasa au usafiri nalo tupu?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa umejiongezea kilo 100, na mlima wa Mazeras, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, hauna huruma na injini. Nikienda Tsavo hulijaza pomoni, sitaki kubahatisha maji ya kambini. Diani? Tupu, na dumu moja la kunywa.

Nusu tangi sipendi kabisa: ukifunga breki maji yanasukumana, trela inayumba. Tena kama tangi liko nyuma ya magurudumu, likijaa linainua trela pale inapofungwa kwenye gari. Hamishia mizigo mizito mbele.

Maji ya mkokoteni yaonje kabla hujamimina. Mengine ni ya kisima, chumvi tupu, chai haitanyweka.