Kabla ya Kununua Starta Nyingine, Pima Njia ya Hasi

Mwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuinuka iliyotoka mwaka 1989, akisikia starta ikizunguka kwa uzito asubuhi za baridi za Julai hapa Nairobi, asikimbilie Barabara ya Kirinyaga kutafuta nyingine. Betri ya gari hilo imekaa ndani ya buti, kwa hiyo umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi yenyewe, na kiungo kimoja chenye kutu chatosha kuudhoofisha.

Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, gusisha ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini (itakubidi uunge waya mrefu), kisha, gia ikiwa huru, mwombe mtu apige starta. Kipimo kikizidi volti 0.5, kosa liko kwenye njia hiyo. Fungua mahali waya hasi unaposhikana na bodi, pamoja na ule unaounganisha injini na bodi, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, ukaze, ndipo upake grisi.

Kwangu palikuwa na rangi chini ya boliti. Aliyepaka gari rangi hakuikwangua, nami nilikuwa nimeshanunua betri mbili.