Kuvuka kwa boti hadi Langkawi kuongeza siku za viza ya Thailand: mambo ya kujua mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki

Ukiwa Thailand na viza ya utalii, siku 60 huisha upesi. Wageni wenzako, hasa wale waliotoka Ulaya, watakwambia usihangaike: panda boti asubuhi, vuka hadi kisiwa cha Langkawi upande wa Malaysia, rudi, utagongewa muhuri mpya. Kwao mara nyingi ni kweli. Kwako wewe mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, usikate tiketi kabla hujafungua viza yako na kusoma mstari mmoja tu, ule unaoonyesha unaruhusiwa kuingia mara ngapi.

Wazungu wengi wanaingia Thailand bila viza. Wakitoka na kurudi, mpaka wenyewe unawapa siku. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Sisi siku zetu zinatoka kwenye viza, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, basi uliimaliza siku ile uliyotua uwanja wa ndege. Ukigongewa muhuri wa kutoka, hata siku zilizokuwa zimebaki zinafutika. Utajikuta umesimama gatini Langkawi, nguo zako na kodi uliyolipa ziko Thailand, na huna ruhusa ya kurudi. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili, na hakuna afisa aliyekuwa na uwezo wa kuwasaidia pale dirishani.

Kuna wanaosema, "Lakini kuna kibali cha kurudi." Kipo. Unakichukua ofisi ya uhamiaji kabla ya kutoka, baht 1,000 kwa kurudi mara moja, baht 3,800 kwa kurudi mara nyingi. Lakini kinachofanya ni kukulindia tarehe yako ya zamani isifutike ukiwa nje. Hakiongezi hata siku moja. Kinamfaa mtu aliyepata msiba au shughuli nje ya nchi, hakimfai anayetafuta muda zaidi.

Safari ya boti ina maana kwako ikiwa una viza ya utalii ya kuingia mara nyingi, ile inayojulikana kwa herufi METV. Inadumu miezi sita, na kila ukiingia unapewa siku 60. Huipati ukiwa tayari ndani ya Thailand, wala hupewi na ubalozi wowote tu uliokuwa karibu nawe. Unaiomba ukiwa nchi ya uraia wako au nchi unayoishi kihalali. Tangu tarehe 1 Januari 2025 maombi yote ya viza za Thailand duniani yanafanywa mtandaoni, kwa thaievisa.go.th. Kwa walioko nyumbani yanashughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ada yake ni kubwa kuliko ya viza ya mara moja, na wanataka kuona akiba benki, lakini kwa mtu anayejua atakaa miezi mingi, nasema bila kusita: lipa. Akiba unayoipata kwa kuchukua viza ya bei nafuu utailipa mara mbili baadaye.

Viza ina tarehe mbili, na kuzichanganya kumewaponza wengi. Ya kwanza imeandikwa kwenye viza yenyewe: siku ya mwisho ya kuingia nchini. Ya pili iko kwenye muhuri unaogongewa mpakani: siku ya mwisho ya kukaa. Hazihusiani. Tuseme viza yako inakwisha tarehe 9 Julai. Ukiingia tarehe 5 Julai bado utapewa siku 60 kamili, maana uliingia viza ikiwa hai. Kisha, ndani ya siku hizo 60, unaweza kwenda ofisi ya uhamiaji ukaongezewa siku 30 kwa baht 1,900. Kwa hiyo anayepanga vizuri viza ya miezi sita anakaa karibu miezi tisa kihalali. Ila kumbuka kwamba siku uliyoingia huhesabiwa kuwa siku ya kwanza. Usihesabu kwa vidole, soma tarehe iliyo kwenye muhuri.

Na hapo hapo niseme jambo linalosahaulika. Kama unachohitaji ni mwezi mmoja tu, huhitaji boti hata kidogo. Hata mwenye viza ya kuingia mara moja anaruhusiwa kuomba zile siku 30 za nyongeza. Unajaza fomu TM.7, unapeleka picha, nakala za pasipoti na baht 1,900, na mara nyingi unatoka nayo siku hiyo hiyo. Nauli ya boti peke yake, kwenda na kurudi, na usiku mmoja wa hoteli, hupita hapo.

Njia ya baharini

Vivuko ni viwili vya kutumainiwa. Kimoja kinaanzia gati ya Tammalang, nje kidogo ya mji wa Satun, kinaingia Kuah, mji mkuu wa Langkawi. Cha pili kinaanzia kisiwa kidogo cha Ko Lipe. Vyote huchukua kama saa moja na nusu, bahari ikiwa shwari.

Bahari ikiwa shwari, nasema, kwa sababu pepo zinazotawala huko ni ndugu wa kaskazi na kusi tunazozijua. Kuanzia Novemba hadi Aprili bahari ya Andaman inatulia na boti za Ko Lipe zinakwenda. Ikiingia Mei upepo unageuka, mawimbi yanapanda, na boti za Lipe kwenda Langkawi husimama kwa miezi. Hata kituo cha uhamiaji pale kisiwani ni cha msimu. Kwa hiyo tazama kalenda ya viza yako ukiwa bado nyumbani: kama kuvuka kwako kunaangukia Julai au Agosti, usijenge mpango wako juu ya Lipe. Safari za Satun nazo si nyingi kwa siku, na ratiba hubadilika. Uliza wenye boti siku mbili kabla, usitegemee ratiba uliyoiona mtandaoni.

Kuvuka kutoka Lipe kuna mambo yake. Uhamiaji uko ufukweni, na unagongewa muhuri miguu ikiwa na mchanga. Kisha wafanyakazi wa boti wanakusanya pasipoti za abiria wote. Mara ya kwanza moyo ulinipasuka. Tumefundishwa tangu siku ya kwanza ugenini kwamba pasipoti haitoki mkononi, na hapa mtu asiye na sare anaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nyingine arobaini. Ndivyo wanavyofanya. Ukifika Langkawi wanasimama na kuita majina, nawe usikilize kwa makini kwa sababu majina yetu huwapa shida kuyatamka. Mimi huwa ninawapa pasipoti nikiwa tayari nimepiga picha ukurasa wa jina, ukurasa wa viza na ukurasa wa muhuri, na simu ninaiweka kwenye mfuko usioingiza maji. Utaingia majini hadi magotini kuifikia boti ndogo inayokupeleka kwenye boti kubwa. Viatu mkononi, begi begani, karatasi kifuani.

Zamani watu wa Phuket na Bangkok walipenda kivuko cha Ranong kwenda Kawthaung, Myanmar, kwa kuwa kilikuwa kifupi na cha haraka. Kilifungwa wakati wa korona mwaka 2020, na mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali ya Myanmar. Simshauri Mwafrika mwenzangu kwenda kujaribu bahati yake pale.

Karatasi, nazo si chache

Malaysia inawaruhusu Wakenya, Watanzania na Waganda kuingia kwa matembezi bila kuomba viza mapema. Mwenye pasipoti ya Burundi au ya Kongo ni lazima awe na viza ya Malaysia kabla ya kupanda boti, na asipokuwa nayo atarudishwa. Wote mnatakiwa kujaza kadi ya kidijitali ya kuingia Malaysia ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kurudi Thailand nako kuna kadi yake, TDAC, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025, nayo pia unaijaza ndani ya siku tatu kabla. Zote mbili ni bure. Ukiona tovuti inakutoza dola, toka, si ya serikali. Jaza ya kurudi kabla hujaondoka Thailand, ukiwa bado na intaneti ya uhakika, upige picha ya skrini yenye msimbo wa QR.

Sasa kadi ya manjano. Hii ndiyo karatasi ambayo wenzako wa hosteli hawatakukumbusha, kwa sababu wao hawaulizwi. Thailand na Malaysia zote zinadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Utasema, "Lakini nimekaa Bangkok miezi miwili." Unaweza kuwa na haki kabisa. Lakini afisa wa gati ndogo anatazama rangi ya pasipoti, na kubishana naye huku boti inawasha injini hakukusaidii. Itoe kadi, muonyeshe, pita. Chanjo ile sasa inahesabiwa kuwa ya maisha yote, hivyo kadi ya miaka mingi iliyopita bado ni halali. Kazi yako ni kutoipoteza.

Beba pia fedha taslimu. Anayeingia na viza ya utalii anaweza kutakiwa kuonyesha baht 20,000. Mara nyingi hawaulizi, lakini wakiuliza wanataka kuziona mkononi, si kwenye programu ya benki. Ongeza tiketi ya kutoka Thailand na anwani ya unakofikia.

Saa ya Malaysia

Malaysia iko saa moja mbele ya Thailand. Jambo dogo, nami nililijua, na bado lilituponza. Tulikuwa wawili, na mwenzangu viza yake ilikuwa na siku mbili tu kabla ya kufika tarehe ya mwisho ya kuingia. Boti ya kurudi ilikuwa saa tisa alasiri. Simu zetu bado zilikuwa zinashika mtandao wa Thailand, kwa hiyo tulipofika gatini Kuah tulisoma saa nane na robo tukaona tuna muda wa kununua maji. Karani akatutazama kwa huruma, akanyoosha kidole ukutani. Saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Boti ilikuwa imekwenda, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho siku ile.

Kilichotuokoa ni njia ya pili, na ndiyo sababu naiandika hapa. Kutoka Kuah kuna feri za kwenda Kuala Perlis, bara ya Malaysia, safari ya saa moja na kidogo tu. Kutoka hapo teksi hukufikisha mpaka wa Padang Besar kwa muda usiozidi saa moja. Mpaka ule hufungwa usiku, lakini tuliwahi. Mwenzangu alipogongewa muhuri alikaa chini kwenye ngazi za ofisi, pasipoti ameishika kwa mikono miwili, hasemi neno. Tangu siku hiyo sivuki ikiwa zimebaki chini ya siku tano.

Dirishani, ukirudishiwa pasipoti, usiondoke. Simama pembeni usome muhuri palepale: siku ulizopewa ni 60? Aina ya viza imeandikwa ni ile ya utalii? Maafisa hugonga mihuri mamia kwa siku na tarehe inaweza kukosewa. Kosa linasahihishwa kwa dakika mbili ukiwa bado mbele yao. Ukiligundua ukiwa Bangkok, ni wewe na ofisi na maelezo. Na ukilipuuza, kupitiliza muda ni faini ya baht 500 kwa kila siku hadi kufikia baht 20,000, na aliyepitiliza zaidi ya siku 90 anafungiwa kurudi nchini.

Afisa akikuuliza unafanya nini Thailand, jibu ukweli kwa ufupi. Na kama ukweli ni kwamba unafundisha Kiingereza au unauza dukani, basi viza ya utalii si yako, ndugu yangu. Mwambie mwajiri aanze taratibu za viza ya kazi sasa hivi, kabla ya muhuri unaofuata. Maafisa wanaotazama pasipoti iliyojaa mihuri ya kuvuka na kurudi wanajua wanachokitafuta, na anayekamatwa akifanya kazi hatetewi na yule aliyekuwa akimlipa.

Ukifika nyumbani kwako, mjulishe mwenye nyumba kwamba umerudi. Anatakiwa kutoa taarifa ya mgeni kwa uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu TM.30, na ile risiti yake utaombwa siku utakayokwenda kuongeza zile siku 30. Wengi wao husahau. Mkumbushe usiku huohuo, kabla hujafungua begi.