Namna ya Kuifunza Kompyuta Kutenganisha Mishipa ya Damu katika Picha za Viinitete vya Samaki

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa tehama na wa biolojia hapa Dodoma wanaotaka kushirikiana. Samaki anayetumika ni samaki pundamilia, Danio rerio, ambaye kiinitete chake hupitisha mwanga, na ambaye ana koo zilizobadilishwa kijeni ili seli za kuta za mishipa zing'ae kijani chini ya hadubini.

Hatua ya kwanza ni kupata picha. Asiye na hadubini ya leza aanze na zile ambazo maabara zimeziweka wazi kwenye intaneti, mradi ziambatane na vipimo vya vokseli, yaani vitone vya picha ya pande tatu iliyopigwa tabaka kwa tabaka. Mara nyingi umbali kati ya tabaka na tabaka huzidi upana wa pikseli, na ukiupuuza, vipenyo vya mishipa utakavyopima baadaye havitakuwa sahihi.

Hatua ya pili ni kuweka lebo, na hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Fungua picha katika Fiji, programu ya bure ya kuchakata picha, kisha upake mishipa rangi tabaka kwa tabaka, ukitazama la juu na la chini kabla ya kuamua. Aota, ateri kuu ya mwili, haisumbui, kazi ipo kwenye mishipa myembamba inayopanda kati ya misuli ya mgongo, na kwenye mtandao wa vena za mkiani. Mwenzako wa biolojia aweke lebo baadhi ya picha hizo hizo bila kuona zako, kwa maana pale mnapotofautiana ndipo mtakapojua ni usahihi kiasi gani mnaweza kuidai modeli, yaani programu itakayojifunza kutokana na lebo hizo.

Tatu, gawa data kwa kiinitete, kamwe si kwa vipande vya picha. Vipande vya kiinitete kimoja vikiwamo katika mafunzo na katika mtihani pia, alama zitapanda ilhali modeli haijajifunza lolote la kuisaidia mbele ya samaki mgeni.

Modeli inayofaa ni U-Net, mtandao wa neva bandia wa kutenganisha sehemu za picha, iliyotolewa mwaka 2015 na Olaf Ronneberger na wenzake wa Freiburg, Ujerumani. Zungusha vipande, vigeuze, badilisha mwangaza wake, na uhifadhi modeli kila mzunguko wa mafunzo ili umeme ukikatika usianze upya.

Kipimo cha kosa kinahitaji uangalifu. Kwa kuwa mishipa huchukua sehemu ndogo ya picha, modeli isiyoona mshipa hata mmoja bado itapata asilimia kubwa ya pikseli sahihi. Ndiyo maana hutumika Dice, inayolinganisha eneo lililotabiriwa na lile la lebo. Hata hivyo Dice pekee haitoshi. Daraja moja likivunjika kati ya Dodoma na Kondoa, urefu wa barabara haupungui kwa kiasi cha kuonekana, lakini magari hayapiti; vivyo hivyo, pengo la pikseli mbili haliishushi Dice, ila hukata mkondo wa damu. Ongeza clDice, ambayo huangalia mistari ya katikati ya mishipa.

Hatimaye, weka matokeo juu ya picha ya asili uyapitie. Kabla ya kufuta vidoa vidogo, hakikisha si ncha za mishipa inayochipua, kwa kuwa mara nyingi hizo ndizo mwanabiolojia anazozitafuta.