Jinsi ya kuomba nafasi ya historia pamoja na somo la pili, Lubumbashi

Matokeo ya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari yakishatoka, vijana wa Katuba, Ruashi na Kenya (komuni yetu, yaani sehemu ya mji, si nchi) hunijia na swali moja: "Yaya, ninapenda historia, lakini itanilisha peke yake? Naweza kuiunganisha na somo lingine?" Unaweza. Ila chagua mlango kwanza, maana milango ni miwili na kila mmoja una dosie yake, yaani faili ya karatasi za maombi.

Mlango wa kwanza ni ISP, chuo cha juu cha ualimu. Huko masomo hufungwa mawili mawili tangu kwenye jina la idara: Baiolojia na Kemia, Kiingereza na Utamaduni wa Afrika, na kwa upande wetu Historia na Sayansi za Jamii. Mwenza wa historia umeshapangiwa, huna la kuchagua. Lakini unapata pedagojia na mazoezi ya kusimama mbele ya darasa. Kama ndoto yako ni chaki, usisumbuke kwenda kwingine.

Mlango wa pili ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, Kitivo cha Fasihi na Sayansi za Binadamu. Hapo unaandikishwa katika idara moja tu, na somo la pili unalitafuta mwenyewe: kwa kozi za jirani, kwa vitabu, na hasa kwa mada utakayoifanyia utafiti. Wengi wanaona huu ni upungufu. Mimi naona ni nafasi. Kitivo hiki kina uzito wake: mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (Kongo ya leo), masomo ya fasihi na historia ya nchi nzima yaliletwa hapa, na V.Y. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa, aliwahi kuwa dekano, mkuu wa kitivo.

Ukishachagua, andika barua ya maombi. Iwe ya Kifaransa, kwa mkono, karatasi moja. Ya UNILU inaelekezwa kwa Rekta. Ya ISP kwa Mkurugenzi Mkuu. Ukikosea hapo, msomaji wa kwanza anajua umenakili barua ya rafiki yako. Usiandike "napenda historia tangu utotoni", kila mtu anaandika hivyo. Sema unataka kuiunganisha na nini, na kwa nini. Mpenda uchumi ataje Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoanzishwa 1906, na mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941 uliomalizwa kwa risasi mjini humu: bila kuelewa mishahara na bei ya chakula wakati wa vita, huwezi kuueleza. Mpenda lugha akumbuke kwamba mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) waliandika wenyewe historia ya mji kwa Kiswahili chao. Kuisoma vizuri kunahitaji mwanahistoria na mwanaisimu katika kichwa kimoja. Mistari miwili ya namna hiyo inatosha.

Kisha dosie. Weka kwenye farde fotokopi ya diplome ya serikali, au hati ya kufaulu kama diplome haijafika. Buletini za miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Hati ya kuzaliwa na hati ya mwenendo mwema kutoka komuni yako. Cheti cha daktari. Na picha za pasipoti. Orodha kamili inabandikwa ukutani chuoni, nayo hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nenda ukaisome kwa macho yako. Usimpe komisioneri, dalali wa barabarani, pesa akusomee.

Jambo linaloangusha wengi ni jina. Mimi buletini yangu ilikuwa na herufi moja zaidi kuliko hati ya kuzaliwa, na nilipoteza wiki mbili nikienda na kurudi kati ya shule na komuni. Weka karatasi zote mezani, linganisha jina, jina la ukoo na tarehe, herufi kwa herufi, kabla hujapiga fotokopi hata moja.

Uliyesoma sekondari Zambia, kama watoto wengi wa familia zinazofanya biashara mpakani Kasumbalesa, unahitaji kwanza hati ya usawa wa diplome kutoka wizara ya elimu. Ianze mapema, miezi kabla. Inapita mikono mingi.

Dosie inawekwa kwenye ofisi ya uandikishaji, aparitora. Usiondoke bila risiti yenye muhuri na tarehe. Kwenye mtihani wa serikali, 50% ndiyo alama ya kufaulu; chuo kikitangaza jaribio la kuingia, uwe tayari kuandika insha fupi kwa Kifaransa. Jina likionekana kwenye orodha ya waliokubaliwa, ulipe benki kwenye akaunti ya chuo, si mkononi mwa mtu, na bordero (karatasi ya malipo ya benki) upige fotokopi tatu: moja kwa aparitora, moja kwa kitivo, moja ibaki nyumbani kwa mama.

Wazazi watakuuliza kama unaingia "graduat", ile digrii ya kwanza ya mfumo wa zamani. Waeleze kwamba tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora): lisansi ni miaka mitatu, krediti 180, yaani 60 kwa mwaka, masta ni miaka miwili zaidi.

Na ukishakaa darasani wiki tatu ukagundua idara uliyoingia si yako, andika barua ya kuomba kubadilisha idara siku hiyo hiyo, uiwekee fotokopi ya bordero, uipeleke kabla chuo hakijafunga orodha ya walioandikishwa.