Kabla hujalipia hafu shafti ya gari la porini

Ninayoyasema hapa kuhusu hafu shafti, fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka kwenye difu (sanduku la giya la katikati ya ekseli) hadi kwenye tairi, yanahusu zaidi Land Cruiser za sirizi ya 70, mkonga na pikapu, maana ndizo ninazoendesha. Mwenye gari lingine achukue yanayomfaa.

Usiende dukani na jina la gari tu. Nenda na namba ya chasisi, mwaka wa gari, na shafti yenyewe iliyokatika, vipande vyote viwili. Muuza spea akikwambia "hii inaingia zote", ondoka.

Jua ekseli yako ni ya aina gani. Pikapu ya 79, kwa nyuma, uzito wote unabebwa na hubu (kitovu cha gurudumu) na beringi zake. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo ikikatika tairi linabaki mahali pake. Hilux nyingi haziko hivyo. Shafti inazungusha na kubeba pia, na ikikatika vibaya tairi linaweza kuondoka nayo. Huko usibahatishe hata kidogo.

Chuma nacho kiangalie. Injini ya 1HZ inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutonimita 285, lakini ukiweka lo (giya nzito ya kupandia) na giya namba moja, nguvu hiyo inafika kwenye ekseli imezidishwa zaidi ya mara 40. Shafti ya chuma laini itajinyonga kama kamba. Beba tupa ndogo, ipitishe taratibu kwenye mwili wa shafti, mbali na inapokaa sili ya oili. Ikiteleza, chuma kimekazwa, ikila, rudisha. Shafti iliyochomelewa usiiguse hata fundi akiapa, maana moto wa kuchomelea unaharibu ule ugumu wote.

Meno ya ncha ya ndani, yale yanayoingia kwenye difu, yahesabu, usiyakadirie kwa macho.

Sasa urefu. Shafti yangu ya nyuma kulia ilikatika, nikaenda Arusha mjini na kipande cha nje tu, kile chenye flanji, sahani inayofungwa kwa nati kwenye hubu. Cha ndani kilikuwa bado kimenasa kwenye difu na mimi nilikuwa na haraka. Flanji ikalingana, matundu 6 kwa 6. Meno yakalingana na ya shafti ya upande wa pili. Urefu sikuupima, kwa sababu niliambiwa kulia na kushoto hazifanani, nikaona hakuna cha kulinganisha. Tulipofunga, flanji ilikaa vizuri kabisa, nati zikakazwa, gari likatembea.

Siku ya kumi na mbili, kati ya Engaruka na Engare Sero, tukiwa na magunia ya unga na madumu ya maji, tunapanda kutoka kwenye korongo, nikasikia mkwaruzo mmoja mrefu. Injini inanguruma, gari halisogei. Nikafungua nati, nikavuta shafti. Kwenye ncha, meno yalikuwa yamelika na kung'aa kwa upana wa ukucha wa kidole gumba. Yaliyobaki yote yalikuwa na rangi yake nyeusi ya dukani, hayajaguswa. Shafti ilikuwa fupi. Siku zote hizo ilikuwa imeshika difu kwa ule ukucha mmoja tu.

Nikasema tutatoka kwa tairi za mbele. Hubu ya mbele kushoto, ile ya kugeuza kwa mkono ili tairi lishike, ilikuwa na kutu, haikugeuka. Tulikuwa na mama mwenye mtoto anayechemka homa, tumempa lifti kwenda zahanati. Alikaa nasi gizani mpaka alfajiri ilipopita pikipiki. Ule usiku sijausahau.

Kwa hiyo elewa hivi: shafti ndefu itakuambia yenyewe, flanji haitakaa. Shafti fupi itakaa vizuri na kunyamaza. Unganisha vipande vya zamani mwisho kwa mwisho, pima kwa futi, kisha pima mpya. Halafu paka chaki au rangi nyepesi kwenye meno, ingiza mpaka flanji ikae, zungusha kidogo, vuta. Alama ya mguso iwe na urefu ule ule wa sehemu iliyolika kwenye shafti ya zamani. Ikipungua, usifunge, hata kama giza linaingia na abiria wanalalamika.

Mengine mnayajua. Toa kila kipande kwenye difu, pitisha sumaku, weka oili mpya na sili mpya. Kaza tena nati za flanji baada ya safari ya kwanza. Hubu za mbele zigeuze kila mwezi hata kama huna tope la kupita. Shafti ya akiba iwe ya upande unaoujua, imepimwa, imefungwa kwenye gunia lenye mafuta. Maji yazidi unavyodhani yanatosha. Tochi, jeki na ubao wa kuwekea jeki. Na nyumbani aachwe mtu mwenye jina la kijiji mnakokwenda na siku mnayotarajiwa kurudi.